Msafara wa Harusi Uliofika Joshoni

Wapendwa, leo nina habari ya dereva mmoja, na madereva mliomo humu ndani msianze kuangaliana. Simtaji mtu. Huyu nimemtunga mwenyewe nyumbani kwangu, na ukimfananisha na jirani yako, shauri yako.

Palikuwa na dereva mmoja wa Kosta, yale mabasi madogo. Gari halikuwa lake. Lilikuwa la tajiri wake, likikodishwa kwa misiba, kwa harusi na kwa safari za kwaya. Tajiri alikuwa amelifungia kifaa cha GPS, kile kinachosikiliza satelaiti huko juu angani, ili yeye akiwa amekaa dukani kwake aone kwenye simu gari liko wapi, linakimbia kiasi gani na limesimama kwa nani. Dereva alikichukia kifaa kile kutoka moyoni. Alikuwa akiwaambia wenzake kijiweni, "Hata marehemu mke wangu hakunifuatilia hivi."

Mtu akilalamika sana kijiweni hakosi wa kumsaidia. Mwenzake akamletea kidude kidogo, kama kidole gumba, cha kuchomeka pale mbele kwenye tundu la kiberiti cha sigara. Ukishakichomeka, tajiri haoni kitu. Mnajua kinavyofanya kazi? Ile ishara ya satelaiti inatoka mbali mno, na ikifika huku chini ni hafifu, inanong'ona tu. Kazi ya kidude ni kupiga kelele. Ni kama mzee wa kanisa anasoma matangazo hapa mbele, halafu mtu akae katikati yenu apige debe. Matangazo yanasomwa vilevile, lakini nani atayasikia?

Dereva akastarehe. Akawa anabeba abiria wake wa pembeni, anapita nyumbani kula, anajinyoosha anakotaka. Tajiri akiuliza mbona gari limepotea kwenye simu, jibu lilikuwa tayari mdomoni, "Mtandao, tajiri. Siku hizi mtandao unasumbua sana." Ninyi hamjawahi kuusingizia mtandao? Haya, tuendelee.

Ikafika harusi ya binti yake. Ni binti wa pekee, aliyemlea mwenyewe tangu mama yake alipofariki, akamsuka nywele kwa mikono yake hiyo ya kushika usukani, vibaya, mpaka majirani wakamhurumia. Alikuwa amemwahidi jambo moja: nitakushika mkono mimi mwenyewe, nikupeleke mpaka mbele ya madhabahu. Binti alikuwa anaolewa wilaya nyingine kabisa, ambako hakuna hata mmoja wa upande wa bibi harusi aliyewahi kufika. Bwana harusi akawatumia lokesheni kwenye simu. Na mchungaji wa huko akatoa onyo mapema: mchana nina mazishi kijiji cha pili, bibi harusi akichelewa, ndoa itasogezwa Jumamosi ijayo. Sasa ndoa unaweza kuisogeza, lakini pilau iliyokwisha kuiva utaisogeza wapi?

Dereva alihitaji Kosta ile kuwabeba mashangazi na wajomba. Je, alikwenda kumwomba tajiri? Hakwenda. Alijiuliza mwenyewe, akajijibu mwenyewe. Alisema moyoni, "Atakataa tu huyu." Badala yake, Alhamisi akampigia simu tajiri, akamwambia breki zinalia, gari linakwenda gereji, litalala huko mpaka Jumapili. Jumamosi asubuhi akalifunga riboni, akachomeka kidude chake, akawasha.

Msafara ulipendeza, jamani. Kosta mbele, gari la bibi harusi nyuma yake, kisha magari ya ndugu, na mwisho kabisa pikapu ya matarumbeta, wale vijana wa kupuliza mpaka mishipa ya shingo inatoka. Ila pikapu ilipata pancha mapema tu, wakasema tangulieni, tutawakuta.

Shangazi wa bibi harusi, dada yake huyo dereva, alikaa kiti cha mbele na simu mkononi, ndiye wa kusoma ramani. Wakaenda, wakaenda. Shangazi akaigeuza simu, akaipangusa kwa kanga, akaitazama tena.

"Kaka," akasema, "simu inasema bado tuko nyumbani kwako."

"Labda nayo haijakubali mtoto aolewe," mjomba mmoja akasema kutoka nyuma, na gari zima likacheka.

Dereva naye alicheka, lakini jicho lake likaenda kwenye kidude. Alijua. Wajomba wakatoa simu zao, zote zikasema vilevile. Za kupiga zinapiga, za kupokea zinapokea, ila ramani imeganda. Magari yaliyomfuata nyuma nayo yakaanza kupiga simu kuulizana njia. Dereva akakohoa, akasema kwa sauti ya mwanaume wa barabarani, "Achaneni na simu. Nimeendesha mimi kabla hamjazijua simu." Akakata kulia kwenye njia panda ya kwanza kwa ujasiri mkubwa.

Njia ile iliwapeleka joshoni. Ndiyo, josho la ng'ombe, pale wanapooshwa dawa ya kupe. Barabara iliishia hapo. Ng'ombe wamepanga foleni, harufu ya dawa imejaa, na kina mama na vitenge vyao vya sare wanashuka kwenye Kosta kunyoosha miguu. Mzee mmoja mwenye mifugo akawatazama, akatazama riboni, akauliza kwa adabu zote, "Karibuni. Nanyi ng'ombe wa kwenu wako wapi, wanakuja nyuma?"

Wakamwuliza kanisa liko wapi. Akawauliza lipi, maana huko makanisa ni mengi, la juu, la chini, la bondeni. Hakuna aliyejua. Bwana harusi akapigiwa, hapokei, ngoma zimemzidi huko aliko. Mara simu ya shangazi ikaita. Ni vijana wa matarumbeta.

"Mama, sisi tumefika kanisani. Sasa tumpigie nani?"

"Mmefikaje?"

"Si ramani ya simu? Imetuleta mpaka mlangoni. Ila ukituuliza tumepita wapi hatujui. Na mchungaji hapa anatazama saa." Kabla shangazi hajauliza ni kanisa lipi, simu yao ikazima.

Waliobaki mbali na Kosta wamefika. Walioifuata Kosta wako joshoni. Shangazi hakuelewa, lakini dereva alielewa. Kidude kile kilikuwa hapo mbele yake, kinawaka taa yake nyekundu. Akikichomoa, ramani zitarudi. Lakini akikichomoa, na tajiri ataliona gari lililolala gereji likiwa joshoni. Kazi hiyo ndiyo iliyomlea binti. Akaona afadhali ajaribu njia nyingine kwanza, pengine atabahatisha.

Ndipo binti akashuka kwenye gari lake, ameikunja shela mkononi isiguse kinyesi cha ng'ombe, akaja mpaka dirishani kwa baba yake. Hakuwa analia. Ingekuwa afadhali angelia.

"Baba, simu ya dereva wetu ilipoteza njia tangu tulipotoka nyumbani," akasema. "Nikamwambia asihangaike, baba yuko mbele, sisi tumfuate baba."

Dereva akamtazama mtoto wake. Akanyoosha mkono, akakichomoa kidude, akakitia mfukoni.

Haukupita muda, shangazi akasema, "Haa, imeamka." Na simu ya dereva ikaita. Tajiri.

"Shikamoo, tajiri," akasema.

"Marahaba. Nimekuona. Uko joshoni. Unamfanya nini binti joshoni siku ya harusi yake?"

"Tajiri, nisamehe, hili gari..."

"Gari tutalizungumza Jumatatu. Nisikilize. Mimi niko hapa kanisani, mwanao alinialika, nimesimama mlangoni na mchungaji. Tangu asubuhi nimeshika simu natazama kioo, sikuoni. Nimemwomba mchungaji asiondoke, nimemwambia huyu dereva ni wangu, akitokeza tu nitamwona. Geuza gari. Rudi mpaka kwenye mashine ya kusaga, ingia kushoto, usikate tena mpaka nikwambie."

Akageuza. Tajiri akamwongoza kwa simu, shangazi amemshikia sikioni, kona kwa kona, mpaka wakaanza kuyasikia matarumbeta. Binti alishikwa mkono, akafikishwa madhabahuni, na mchungaji akafunga ndoa huku kanzu ya mazishi iko tayari kwenye pikipiki.

Walipotoka nje, tajiri akamvuta dereva mpaka kwenye gari lake, akafungua nyuma. Mle ndani palikuwa na dumu la dizeli na maua mapya ya kufunga mbele ya Kosta.

"Ijumaa nilikuletea hivi gereji," akasema. "Nilitaka nikwambie breki zikiisha lichukue gari ukamwoze mtoto. Fundi akaniambia hajakuona." Akafunga mlango wa gari, akautazama mfuko wa dereva uliotuna. "Jumatatu uje na hicho kilichoko mfukoni."

Yule mwanaume alilia palepale, na watu wakadhani ni furaha ya kumwoza mtoto.

Mnacheka? Chekeni, nami nimecheka nilipokuwa natunga. Lakini sasa tujitazame sisi. Wewe na mimi tumechomeka nini? Maana Mungu tumemfanya tajiri wa kutuvizia, kazi yake kuona tumesimama kwa nani. Basi tukatafuta vya kumpigia kelele. Mwingine ni shughuli zisizoisha, Jumapili mpaka Jumapili. Mwingine ni utani, ukimgusa kidogo kwa neno la roho yake anakuchekesha mpaka unasahau ulichotaka kumwambia. Tukishakaa gizani tunaona tumepata uhuru. Halafu maisha yanatufikisha joshoni, tunamlaumu nani? Mtandao.

Na nyuma yako kuna mtu, usisahau. Kuna mtoto aliyeacha kuuliza njia kwa sababu wewe uko mbele. Hajui kwamba kinachompoteza kimechomekwa kwa mkono wako. Anasema tu, namfuata baba. Namfuata mama.

Ninyi mliokuja leo mkiwa mmejificha, mkikaa viti vya nyuma karibu na mlango, nawaona, karibuni. Mnaogopa kwamba ukichomoa tu, atakuona. Ni kweli, atakuona. Jumatatu ipo, sitawadanganya. Lakini jicho hilo unalolikimbia limekesha likikutafuta kwenye kioo, na mwenye jicho amesimama mlangoni, amemshika mchungaji mkono, anamwambia, usifunge, huyu ni wangu, akitokeza tu nitamwona.

Ameshakuwekea na maua. Chomoa.