Pimbi Waliomeza Salamu

Paukwa!

"Kawa."

Kichwa chake mmekiacha wapi? Na nyinyi wakubwa mmo. Paukwa!

"Pakawa!"

Haya. Zamani za kale pimbi walikaa kwenye jabali, kila mmoja na pango lake. Desturi yao ilikuwa hii: asubuhi, anayekwenda chemchemini husimama mlangoni kwa kila mzee, humwamkia, husubiri aitikiwe, ndipo aende. "Shikamoo." "Marahaba." Kila siku, jua au mvua.

Basi vijana wakaona neno ni refu. Wakaanza kusema "Shkamoo." Halafu "Kamoo." Halafu "Moo." Wakajisifu kwamba sasa wanawahi majani mabichi. Aliyesema neno zima walimcheka, wakamwita mshamba. Mwisho wakasema "M" tu, huku miguu inakwenda juu ya mawe, paru paru paru.

Bi Mize, mjane, alikaa pango la mwisho. Binti yake, Mashavu, alihamia upande wa pili wa jabali, akipita hapo kila asubuhi. Bi Mize alimsihi aseme neno likamilike. Mashavu akamjibu kwamba amepitwa na wakati.

Siku moja Bi Mize aliamka na homa. Koo limekauka, miguu haimbebi. Akangoja wapitao, awaombe maji.

Akapita wa kwanza. "M." Paru paru paru.

Bi Mize akakusanya pumzi. "Ma... ra..." Mlangoni hakuna mtu.

Akapita wa pili. "M." Paru paru paru.

"Ma..." Hakuna mtu.

Akapita Mashavu, mtoto wa kumzaa mwenyewe. "M." Paru paru paru. Naye kashapita.

Siku ya pili, hivyo hivyo. Siku ya tatu Mashavu alisema "M," na pangoni kukawa kimya. Akacheka. Alipofika chemchemini akawaambia wenzake, "Mama naye kajifunza. Leo kalimeza neno lote."

Siku ya tano ni nzi waliomfanya aingie. Alimkuta mama yake amejikokota nusu ya njia kuelekea mlangoni, amekauka, mdomo wazi. Inauma, jamani. Hata mimi ninayesimulia inaniuma.

Pimbi wote wakaja msibani. Mashavu aliketi chini, akingoja neno la kumshika moyo. Wakapita mbele yake mmoja mmoja.

"Po."

"Po."

"Po."

Hata mmoja hakuweza kuifikisha pole mwisho wake. Vinywa vilishazoea. Mashavu akawatazama, na hakuwa na wa kumlaumu, maana hata yeye alifungua kinywa awashukuru, kikatoka kipande.

Funzo lake nalisema waziwazi: salamu ni kumjulia mtu hali. Ukiikata ili uwahi, umemkata mwenzako.

Hadithi yangu imekomea hapo. Nawe uliyemwamkia mtu asubuhi ukapita bila kusikia jibu, inuka, rudi ukamtazame.