Mto Nilioupa Sifa

Hadithi hii sikutumiwa na mtu. Ni yangu, na aibu iliyomo ni yangu pia. Mkiisambaza, msimtafute mjinga mwingine.

Nimepita nchi saba nikiendesha malori, na kwenye harusi za ukoo mimi ndiye ninayepewa kipaza sauti. Basi mpwa wangu Sekela alipojifungua mtoto wa kwanza kule Tukuyu, nikafunga safari kwenda kumwona mtoto, sabuni na kitenge mkononi.

Chumbani palikuwa na chandarua, na ndani yake kitenge kimeviringishwa vizuri. Kwetu mgeni mwenye adabu hafunui. Anainama, anasifia, anatoa zawadi. Nikainama. Nikasema mtoto ametulia kama mwenyekiti wa kikao, na kwamba hata anavyopumua ni marehemu babu mtupu.

Sekela alikuwa kwenye kigoda, nywele hazijachanwa. Hakucheka.

"Huo ni mto, mjomba," alisema. "Wewe ni wa tisa kuusifia."

Nimewahi kukwama kwenye tope siku nne porini. Sijawahi kukwama kama pale.

Akanieleza bila kunitazama. Mtoto wake, Lusajo, alizaliwa na mpasuko wa mdomo wa juu uliofika puani. Mgeni wa kwanza alifunua kitenge, akakifunika upesi, akauliza mama alikula nini wakati wa ujauzito. Wa pili akauliza alimcheka nani. Wa tatu alipopiga hodi, Sekela alimhamishia mtoto chumba cha nyuma, akaviringisha mto. Tangu hapo kila mgeni aliondoka ameridhika. Mumewe, aliye machimboni Chunya, hupiga simu kila jioni kuuliza mtoto amekunywa kiasi gani.

Nikaomba kumwona. Akamleta. Macho makubwa, yalinikagua kama askari wa mpakani. Nami nikarudi kwenye kazi yangu ya maneno: madaktari siku hizi wanashona vizuri, nimewaona watoto wa namna hiyo Lusaka na Lilongwe, wamepona, wanapiga miluzi barabarani.

Akanikatiza.

"Hayo nesi alishaniambia. Mtoto ana tarehe yake ya kushonwa, imeandikwa kwenye kadi. Yangu mimi ni lini?"

Sikuelewa. Akasema Lusajo hawezi kunyonya, kwa hiyo kila mlo ni saa nzima, kijiko kwa kijiko, ameinuliwa asipaliwe. Wiki sita hajapata usingizi wa maana. Kisha akasema kwa sauti ndogo:

"Kuna siku nakaa hapa na mto, namwacha analia kule. Natamani yeye ndiye angekuwa mto."

Hapo maneno ya nchi saba yaliniishia. Nikanyoosha mikono tu. Alinitazama kwa muda, kama mtu anayekagua breki za lori bovu, halafu akanipa mtoto, kikombe na kijiko. Akanionyesha mara moja.

Nilidhani atakaa kunisimamia. Badala yake alifungua chandarua, akautoa ule mto kwenye kitenge, akauweka chini ya kichwa chake. Sijafika kijiko cha tatu, alikuwa amelala. Aliamka jua linazama, akanikuta nimelowa maziwa hadi soksi, na Lusajo amesinzia kifuani kwangu.

Kesho yake tulikwenda kliniki watu watatu. Safari hii aliyeulizwa hali kwanza alikuwa mama. Alizungumza mpaka foleni ikaanza kunung'unika, na nesi hakumharakisha. Alitoka na tarehe yake mwenyewe ya kurudi kuzungumza, imeandikwa chini ya ile ya mtoto.

Juzi nilimwomba ruhusa ya kuwasimulia. Nilikuwa nimeshaandika funzo la aya tatu, limejaa hekima za barabarani. Alilisoma, akalifuta lote, akaandika lake:

Funzo: Ukienda kumwona mtoto, muulize mama kama yeye amepata usingizi, kisha mpokee mtoto unyamaze.