Boga la Kindi na Paa la Nyumba ya Ibada

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, nyani walipokuwa bado wanachana nywele kabla ya kwenda ibadani, wanyama wa Bonde la Mitete walikuwa na nyumba yao ya ibada. Kuta zake zilikuwa za udongo, na udongo huo aliukanda Kindi pamoja na wadogo wenzake. Kila alipozipita kuta zile, mkia wake ulisimama wenyewe kwa fahari.

Siku moja upepo ukaja. Vuuu! Paa lote la nyasi likaenda zake. Kindi akatazama mlimani, akaona mawingu meusi yanajikusanya. Mvua ikizinyeshea kuta zile bila paa, zitageuka tope.

Jumapili Mchungaji Korongo akaomba sadaka ya nyasi. Panya alileta alichoweza kubeba mdomoni. Kobe alileta kitita mgongoni. Tembo naye akaja na unyasi mmoja! Tena akauinua juu kwa mkonga, wote wauone, ndipo akautia kapuni.

Kiboko akakohoa. "Mwaka huu hali ngumu, Mchungaji." Tumbo lake lilikuwa linaburuzika sakafuni kwa shibe.

Kindi alitamani kulia. Kisha akakumbuka mnada.

Pale kwao, mtu asiye na nyasi aliweza kutoa yai au muhogo, na baada ya ibada vitu hivyo vilinadiwa nje. Na mnada ule ulikuwa na desturi yake: ukitaja, umetoa. Ushinde, ushindwe, ulichokitaja unakileta. Wadogo wote waliijua. Lakini Tembo na Kiboko? Thubutu! Wao baraka zikitolewa tu, mguu nje, kwenda kula.

Kindi akakimbia nyumbani, akachuma boga lake la pekee, akarudi mbio. Akamkuta Kiboko anaondoka.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Nipishe, nina njaa."

"Nenda tu, mzee wangu. Kuna boga linanadiwa kwa mizigo ya nyasi, lakini si la kukusumbua. Mbele ya Mzee Tembo, nani ataliweza?"

"Ati nini?" Kiboko akasimama. "Mimi nishindwe na Tembo?"

Kindi huyoo, mpaka kwa Tembo. "Shikamoo, mzee. Ulivyoamua kuondoka umefanya vizuri. Mzee Kiboko yuko mnadani, atakuaibisha bure."

"Nani? Yule wa matopeni?" Puuu! Tembo akapuliza mkonga, akageuka.

Kobe ndiye aliyekuwa mnadishaji, na mwajua anavyoongea. "Booo-ga... la Kiiindi... Nani... anaanza?"

"Mzigo mmoja!" akasema Kiboko.

"Mitano!" akanguruma Tembo.

"Kumi!"

"Ishirini!"

"Mara ya... kwaaanza..." Kobe akavuta pumzi. Kabla hajafika mara ya pili, Kiboko akaropoka, "Arobaini!"

"Hamsini, na usinitazame hivyo!"

Kiboko akacheka. "Haya, chukua boga lako. Mimi huyo, mtoni."

"Mzee," akasema Kobe taratibu, "na ile mizigo yako... arobaini?"

"Mizigo gani? Si nimeshindwa!"

"Hapa ukitaja, umetoa."

"Ala! Desturi hiyo kaileta nani?"

Kindi akajitokeza mbele, mdogo, kifua mbele. "Babu yako, mzee. Yeye na babu yake Mzee Tembo. Paa la kwanza la nyumba hii lilikuwa la nyasi zao. Mama yangu alikuwa akinisimulia kila mwaka."

Kiboko akaangalia kuta. Tembo akaangalia chini.

"Babu yangu?" akauliza Kiboko kwa sauti ndogo.

"Babu yako."

Ngurururu! Radi ikapiga mlimani. Kiboko akatimua mbio mtoni kukata matete. Tembo akang'oa nyasi, fya! fya! akazirusha juu, Panya na Kindi wakazifunga. Fundo la mwisho lilipokazwa, tone likaanguka, ti! Kisha mvua ikamwagika mwaaa!

Ndani kukawa kukavu.

Tembo akamgeukia Kindi. "Ulituchezea, wewe!"

"Ndiyo, mzee. Boga lako hili hapa."

Tembo akalitazama. Kiboga chenyewe kidogo kama ngumi ya mtoto. Akacheka mpaka masikio yakapiga kofi, kisha akalirudisha kapuni. "Linadiwe tena Jumapili. Na siku hiyo simwachii Kiboko."

"Jaribu!" akajibu Kiboko, akipangusa jasho. Macho yake hayakutoka kwenye paa.

Mkia wa Kindi ukasimama. Na kile kimkia cha Tembo, wajukuu zangu, nacho kikasimama.

Basi jueni: sadaka ndogo ya aliyetoa kwa moyo inaweza kuwaamsha wakubwa waliolala.

Hadithi yangu nimeiezeka, haivuji.