Mfereji Hupimwa Mkiani

"Mfereji hupimwa mkiani." Ndivyo mwenyekiti alivyowaambia asubuhi, nanyi mmekuja kuniuliza alimaanisha nini. Mmefanya vizuri kuuliza kabla hamjaanza kugawa hizo hojaji zenu za ukame. Kaeni. Methali hii haikudondoka na mvua. Ina mwaka wake na ina watu wake, na mmoja wao ni mimi.

Ilianza hivi.

Hapa Kwamrindi maji yetu hukusanyika kwenye ndiva, lile bwawa la mawe na udongo ambalo babu zetu walilijenga juu kabisa, chini ya msitu. Asubuhi kizibo huzibuliwa, maji yakashuka mferejini shamba kwa shamba hadi Mtaa wa Chini, ambako mlima unaishia na nchi kavu inaanzia. Mfereji ukijaa tope, baragumu hulia na kila nyumba hutoa mtu wa msaragambo, kazi yetu ya pamoja. Wa juu huchimba, wa chini huchimba.

Mwaka huo mvua ilikuwa imetukosa misimu miwili. Akaja mtafiti, kijana mpole aliyeitwa Kalokola, ametumwa kuandika mpango wa kuikinga milima yetu na mabadiliko ya tabianchi. Mimi, Nasiria, nilikuwa katibu wa kamati ya ndiva, nikapewa kazi ya kumwongoza.

Sasa, pengine ninyi wa leo hamjui. Kwetu mgeni wa heshima hateremshwi. Kumtembeza kuelekea bondeni ni kumwonyesha njia ya kurudi kwao. Kwa hiyo siku tisa nilimweka juu. Alilala juu, alikula juu, na kila asubuhi alichovya fimbo yake yenye alama za kupimia maji kwenye mdomo wa ndiva. Alipotaka kuzungumza na watu wa chini, niliwapandisha wao. Wakaja wamevaa nguo za Jumapili, wamembebea ndizi na mayai. Akawauliza, "Maji yanawafikia?" Wakajibu kwa adabu, "Tunashukuru." Nani kwetu humlilia mgeni shida?

Nakunda naye alijibu hivyo hivyo. Alikuwa mjane, na shamba lake la maharage ndilo la mwisho kabisa. Mwenyewe alikwisha kuniambia: msimu huu wa tatu ukimwangusha, atafunga nyumba, ataliacha kaburi la mumewe, atakwenda kutafuta vibarua kwenye mashamba ya mkonge. Nilijua yote hayo. Nikaandika: "Nakunda, ameridhika."

Siku ya kumi mtafiti akausoma mpango wake mkutanoni. Maji yanatosha, alisema, na wananchi wote wameridhika. Kwa hiyo theluthi moja ya maji hayo ielekezwe kwenye msitu mpya utakaoshika udongo na kurudisha ubaridi. Watu wakapiga makofi. Mzee Senkoro, mwenye shamba la kwanza, akaomba wanaokubali wanyooshe mikono.

Nakunda akasimama.

"Mwanangu mgeni, nisamehe. Nilikudanganya."

"Nakunda, keti!" Mzee Senkoro akamaka. "Mbele ya mgeni?"

"Nimeketi siku tisa, shemeji. Kiuno kinauma."

"Ulisema unashukuru. Katibu ameandika."

"Nilishukuru kwa kuwa nilifunzwa adabu. Lakini angalieni. Baragumu likilia, mnahesabu jembe langu. Maji yakigawiwa, mnahesabu shukrani zangu."

Mtafiti akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, unaikataa miti?"

"Niikatae, na jua linanichoma mimi wa kwanza? Nauliza tu, itakunywa maji ya nani? Kesho chukua fimbo yako twende."

"Wapi?"

"Chini."

Mzee Senkoro akanigeukia. "Nasiria, mwambie huyu mama kwamba mgeni hateremshwi."

Daftari lilikuwa mapajani mwangu na lile neno langu, ameridhika, limo ndani. Nikajisikia nasema, "Mzee, mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Huyu ana siku ya kumi."

Mtu mmoja akacheka, kisha wengine, na mkutano ukavunjika bila mkono kunyooshwa.

Asubuhi kizibo kikazibuliwa. Nakunda akatupa kibuyu kitupu mferejini, tukakifuata. Mzee Senkoro alikuja nyuma akihema, ili atuumbue. Kibuyu kilipita shamba lake kikicheza. Kikapita la pili, la tano, la kumi, na kila tuliposhuka kilizidi kuwa kizito cha mwendo. Hakuna aliyeiba. Kila mtu alichukua haki yake, na udongo wenye kiu ukanywa yaliyobaki. Hatua mia mbili kabla ya shamba la Nakunda, kibuyu kikalala topeni.

Mtafiti akaendelea peke yake hadi mwisho. Akachomeka fimbo, akaitoa. Ilitoka na vumbi.

Mzee Senkoro akalifuta lile vumbi kwa kidole. "Mimi hufika huku siku ya msaragambo tu," akasema. "Na siku hiyo tunakuwa tumeukausha mfereji wenyewe ili tuuchimbe. Nikiuona mkavu, najua ni sisi." Akavua kofia. "Shemeji, zamu ya maji ianzie huku."

Mtafiti akakaa ukingoni, akafungua ukurasa mpya. "Mama, nianze upya. Nikuulize nini?"

"Usiniulize kama nashukuru. Niulize nilimwagilia lini."

Mpango ukaandikwa tena. Msitu ulipandwa, ule mnaouona, ila mdogo kuliko alivyotaka mwanzo, na hunywa baada ya Mtaa wa Chini kunywa. Fimbo ya alama ikahamishiwa mwisho wa mfereji. Ipo hadi leo.

Wiki moja baadaye, mlango wangu ukagongwa. Nakunda. Alikuwa na matope mpaka magotini, na hakunipa hata salamu.

"Nasiria, lete daftari. Andika."

"Niandike nini, wifi?"

"Andika: Nakunda, ana tope."

Nikaandika. Alicheka hadi akashika nguzo, nami nikacheka, na kile kitu kilichokuwa kimenikaa kifuani tangu siku ya kwanza kikashuka chenyewe. Maharage yake aliyavuna, na nyumba haikufungwa.

Haya, inukeni. Nimeona mmepanga viti vyenu hapa juu, karibu na ofisi, ili watu wapande kuwafuata. Virudisheni ndani. Na wewe binti, badili hivyo viatu, njia ya chini ina utelezi. Mungu ashukuriwe kwamba ina utelezi.

Mfereji hupimwa mkiani.