Moto wa Tabu na Maji ya Khelef

Katika mji wa Kiwambo palikuwa na kisima kimoja tu, na kisima hicho kilikuwa na mwenyewe: tajiri Khelef, bwana wa tumbo kubwa na sauti nyembamba. Sheria yake ilikuwa fupi. "Kitokacho kwenye maji yangu ni changu." Ukimwagilia mchicha, anakuja na kapu. Ukipika uji, anatuma bakuli.

Mjini humo aliishi Tabu binti Mshangama, fundi wa kulehemu, ulimi wake mkali kuliko msumeno wake. Gesi ya kulehemia ikaadimika. Masufuria yaliyotoboka yakajaa mlangoni, na ndani ana mama mgonjwa anayetaka kula. Afanyeje?

Akaokota mabomba ya chuma kisichoshika kutu kwenye mtambo wa maziwa uliovunjwa. Akayakata, jembamba akaliingiza ndani ya nene, akabana vipande vya mpira katikati yasigusane. Akayasimamisha ndani ya chupa kubwa ya achari, akatia maji na magadi kidogo, akakaza kifuniko. Waya mmoja wa betri ya gari akaufunga kwenye bomba la nje, wa pili kwenye bomba la ndani.

Jamani! Maji yakatoa mapovu utadhani yanachemka, na hata moto hayajaona! Mapovu yakawa hewa. Hewa ikapita kwenye mpira mrefu uliotoka kifunikoni, ikazamia katika chupa ya pili ya maji, moto usije ukarudi nyuma, ikatokea kwenye tundu la sindano ya hospitali. Tabu akawasha kiberiti. Pa! Mwali mwembamba kama uzi, lakini mkali, unayeyusha shaba.

Wiki haikwisha, Khelef akampeleka kwa kadhi. Uwanja ukajaa watu.

"Shekhe," akasema Khelef, "moto ule umetoka kwenye maji yangu. Nataka moto, nataka na chombo, na huyu mwanamke aje alehemu kwangu."

Kadhi, ambaye naye alikunywa maji ya kisima kile kile, akakohoa. "Binti, unasemaje?"

Tabu akatua chupa zake na betri mbele ya kadhi. "Shekhe, kilicho chake nitamrudishia hapa hapa."

Akawasha mwali, akaushikia sinia kavu la baridi kwa juu. Sinia likatoa jasho. Jasho likawa vijitone. Akamwekea Khelef kiganjani.

"Nini hiki?"

"Maji yako, bwana. Yakiungua yanarudi kuwa maji. Keti hapo, nitakurudishia yote."

Watu wakaangua kicheko. Khelef akajifuta mkono kwenye kanzu.

"Sitaki maji! Nataka moto!"

"Moto nimetia mimi kwa betri yangu."

"Mwongo! Moto ulikuwa humo humo ndani ya maji yangu!"

"Tangu lini?"

"Tangu yalipokuwa kisimani!"

"Pengine ni katika yale niliyochota mimi tu."

"Yote! Kila tone la kisima changu lina moto!"

"Utaapa?"

"Wallahi naapa!"

Tabu akamgeukia kadhi. "Shekhe, naomba neno hilo liandikwe. Halafu nina swali dogo. Soko lilipoungua kabla ya Ramadhani, tulilimwagia maji ya nani?"

Kadhi akaacha kalamu hewani. "Ya... ya Khelef."

"Na likateketea lote."

Muuza khanga mmoja akasimama. Akasimama muuza mchele. Wakasimama wauza samaki, wote kwa pamoja, wakikunja mikono ya kanzu.

Khelef akarudi nyuma hatua mbili. "Ngojeni! Ngojeni, ndugu zangu! Ulimi umeteleza! Maji yangu hayana moto! Hata chembe! Hayajapata kuwa nao!"

Tabu akaikumbatia chupa yake.

"Basi, bwana Khelef, nipishe nipite na moto wangu."