Deni Halivishwi Kanzu ya Zawadi

“Dirhamu mia nne, bwana! Mahari yangu. Usinifunikie kwa maneno ya asali!”

Inasimuliwa na waliopokea habari za waja wema kwamba hivyo ndivyo Bi Lubaba alivyomkemea mumewe, Ghiyathi, mshona matandiko ya ngamia, naye yu kitandani kwa maradhi ambayo tabibu alikwisha kuyanyamazia. Mashahidi wawili waadilifu waliketi mkekani wakitazama kucha zao. Waliitwa kusikia wasia, wakakuta ugomvi.

Ghiyathi alikuwa mcha Mungu, mtu wa safu ya mbele msikitini. Hakujaliwa mtoto. Warithi wake walikuwa wawili tu: mkewe, na nduguye Harithi, mtu wa kuhesabu punje za mtama kabla hajampa kuku. Alichokuwa ametamka Ghiyathi ni hiki: “Nyumba hii namwusia mke wangu, kwa mapenzi.” Mashahidi wakasema mashaallah. Bi Lubaba peke yake ndiye aliyepandwa na moto kichwani.

“Mimi ni mrithi, na hapana wasia kwa mrithi,” alisema. “Harithi akikataa, na atakataa, mapenzi yako yatakwenda na upepo. Lakini mahari ni deni. Deni hulipwa kabla ya wasia, kabla ya mirathi. Sema deni!”

“Bibie, mbele ya watu?”

“Kwani ulinioa mbele ya nani? Mbele ya mbuzi?”

Shahidi mmoja alikohoa kuficha kicheko.

Hasira za Bi Lubaba zilikuwa karibu, lakini mumewe alimjua. Alijua kinachomsukuma si uchoyo. Miaka na miaka Ghiyathi alikuwa wa kwanza kutoa sadaka, na mahari akasema mwakani, mwakani, naye mkewe akanyamaza. Sasa bibi akaona mumewe anaona ni afadhali kufa karimu kuliko kufa mdaiwa.

Bibi akashusha sauti. “Bwana wangu, unataka kunizawadia kilicho changu. Kesho mbele ya Mola utasema ulitoa, au ulizuia?”

Ghiyathi akaugeuzia ukuta uso wake. Mabega yakamtikisika. Alipowageukia tena, alisema: “Shuhudieni. Nadaiwa na mke wangu Lubaba mahari yake, dirhamu mia nne, nami nimeichelewesha bila udhuru. Ilipwe kwanza. Theluthi ya kitakachobaki inunuliwe kamba na ndoo za kisima cha wasafiri. Kilichosalia ni cha warithi, kwa mafungu aliyoyagawa Mwenyezi Mungu.”

Kisha akatabasamu, mara ya kwanza tangu homa imshike. “Nawe, bibie, watu wetu unawajua. Jeneza likiwekwa watapiga kelele kwamba wamesamehe. Siku hiyo usinionee haya.”

“Lini nilikuonea haya?” akamjibu, huku akimfuta jasho.

Wako wanaodhani kwamba kuacha wasia ni kumwita Malaika wa Mauti. Haji kwa kuitwa, wala hakawii kwa kuogopwa. Na wako wanaodhani wasia ni mahali pa kuonyesha ukarimu. Sivyo! Kwanza ni mahali pa kusema kweli: nani ananidai? Mwenye kulisema hilo hulala. Ghiyathi alilala usingizi wa mtoto mchanga, na Ijumaa akaitikia wito wa Mola wake, uso ukiwa mkunjufu. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Jeneza lilipowekwa mbele ya nyumba, imamu aliuliza kama yupo anayemdai marehemu. Harithi, ambaye hakuwa akimdai nduguye hata sindano, akawahi kwa sauti kuu: “Tumesamehe!”

“Tumesamehe!” umati ukaitikia.

Bi Lubaba akasimama mlangoni. Machozi yalikuwa yameulowesha ushungi wake, lakini sauti haikutetemeka.

“Mimi sijasamehe. Mashahidi ni wale pale. Dirhamu mia nne, Harithi. Nilipeni.”