Fremu ya Kuanikia Vyombo

Mtu mmoja, Mzee Lugata, alikuwa na gari kuukuu na wana wawili. Kila Jumamosi alilitengeneza mwenyewe uani, redio ikiimba juu ya kigoda, wanawe wakimshikia spana. Alikuwa na presi aliyoiunga kwa vipande vya reli, ile mashine ya kusukumia beringi mahali pake. Alisukuma mara moja, akatua, akatega sikio, ndipo akasukuma tena. Jioni aliwapakia wote, wakazunguka mji bila kwenda popote, mama yao ameketi mbele na kitenge chake kipya.

Mzee Lugata alipofariki, jeki ya presi ilikuwa imevuja mafuta yote, ikatupwa. Fremu yake ya reli ikabaki uani. Mjane wake akaipigilia mbao, akawa anaanikia vyombo.

Miaka ikapita. Beringi ya gurudumu la mbele ikafa, na gari likasimama. Mama akazeeka akilitazama kutoka dirishani. Siku moja akasema angependa kuzungushwa mji tena, macho yake yangali yanaona. Basi wanawe, Nkwabi na Masunga, wakaenda dukani kuchagua presi.

Zilikuwapo mbili. Moja ilikuwa na jeki kubwa nyekundu na miguu myembamba. Nyingine ilikuwa na jeki ndogo na miguu minene, tena imepakwa rangi ovyo. Masunga akaigonga miguu myembamba kwa kidole, akakunja uso.

Nkwabi akamcheka. "Mdogo wangu, umekuja kununua presi au kitanda? Kinachosukuma ni jeki."

Wakachukua ile nyekundu.

Habu ya gari lile, chuma kinachopokea beringi, haiuzwi tena popote. Ikipasuka, gari limekufa. Nkwabi akaiweka chini ya presi, akasukuma. Beringi ikakataa. Akasukuma tena na tena bila kutua. Miguu ya presi ikaanza kupinda, beringi ikaingia upande, habu ikalia kwa sauti nyembamba. Mama akatoka jikoni, mikono ina unga.

"Acha, mwanangu! Baba yenu hakuuliza presi inasukuma kiasi gani. Aliuliza inastahimili kiasi gani, maana kila inachokisukuma kinairudia miguuni."

Nkwabi akalegeza jeki. Mama akaenda kwenye kichanja chake cha vyombo, akaanza kuondoa sahani moja moja, kisha sufuria, kisha vikombe. Wanawe walimtazama bila kuelewa, mpaka zile mbao zilipobaki tupu na chuma cha reli kikaonekana. Ndipo wakakumbuka. Kwa miaka yote walikuwa wamekula katika sahani zilizokauka juu ya kitu walichokwenda kukitafuta dukani.

Wakang'oa misumari, wakaisimamisha jeki mpya ndani ya fremu ya zamani. Masunga akasukuma mara moja, akatua, akatega sikio. Beringi ikakaa mahali pake kwa mlio mdogo walioujua tangu utoto. Jioni ile wakazunguka mji bila kwenda popote, mama ameketi mbele, kitenge kimepauka.

Nasi tuliokabidhiwa watu wa kuwaweka mahali pao, watoto wetu na wanafunzi wetu, hujisifia nguvu ya mkono. Je, uzito tunaowakandamizia wao, miguu yetu wenyewe inaweza kuubeba?